Chungu cha udongo kilivyoniokolea kaktasi yangu, uzoefu wa miezi 7

Nianze na bei maana najua ndo watu wanauliza kwanza. Chungu nimenunua shilingi 5,000 kwa wauza maua wa barabarani hapa Dar, ni kile cha udongo wa kuchoma, rangi ya tofali, hakijapakwa chochote ndani wala nje, na chini kina tundu la kuingia kidole. Kina miezi 7 kwangu na kaktasi niliyokua nimeshaikatia tamaa iko hai.

Kaktasi yenyewe aliniachia dada yangu siku anahamia Mwanza kikazi, ni ile ya kusimama yenye mbavu mbavu, urefu kama chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ilikua kwenye poti nyeupe ya kauri, nzuri kweli ukiiweka sebuleni, ila ndani umebaki udongo uleule mweusi wa kwenye kiriba (kile kifuko cha plastiki cha miche) umejaa samadi, na poti haina tundu hata moja. Sikuwahi kuigeuza kuangalia. Aliyeiuza alisema iwe inamwagiwa kidogo kila siku, na mimi nikafuata hivyohivyo kwa moyo mmoja.

Masika ilivyoanza ikaanza kusinyaa, mbavu zikawa nyembamba, rangi ikawa njano njano. Nikasema kiu hiyo, nikaongeza maji, ikazidi kusinyaa, nikaongeza tena. Naomba hapa msome taratibu kwasababu wengi ndo tunapoiulia hii mimea: mizizi ikilala kwenye maji inakosa hewa, inakufa, ukungu unaingia, na mizizi ikishaoza haiwezi kunyonya tena, kwahiyo huku juu unaona mmea una kiu kumbe huko chini umezama. Nilivyokuja kusikia harufu shina la chini lilikua limeshakua la kahawia na linabonyea.

Kuna mzee anahudumia bustani mtaani kwetu, nikambebea, nikamwamkia nikamwonyesha. Akachomeka kijiti pale chini kikazama chenyewe. Akaniambia, "Mwanangu, hii haina kiu, imeshiba mpaka imeoza. Kata."

Nikakata. Kisu nakifuta na spiriti, nakata, naangalia katikati bado kuna kiduara cha kahawia, nafuta tena, napanda juu kidogo, nakata tena, mara 4 mpaka nyama ikawa safi haina doa. Ilibaki nusu na nililia kabisa, ile ndo kitu pekee dada aliniachia. Kidonda nikapaka salfa ya unga, ileile wanayopulizia mikorosho kule Mtwara na Lindi, nilipata duka la pembejeo. Halafu nikaisimamisha kwenye glasi kavu kivulini wiki 3, maana unyevu wa Dar kidonda kinachelewa kukauka, ukipanda kingali kibichi kinaoza upya. Usiilaze, itapinda. (Na kama ukikata ya kusimama kama hii ikatoka maziwa ujue mara nyingi hiyo siyo kaktasi, ni jamii ya mnyaa, wauzaji wengi wanazichanganya, vaa glavu na yasikuingie machoni, yanaumiza sana.)

Sasa chungu. Kila aliyekunywa maji ya mtungi anajua mtungi unatoa jasho, na hiki ni hivyohivyo, maji yanatokea ukutani pia, siyo kwenye tundu peke yake, udongo unakauka pande zote na mizizi inapata hewa. Kwenye poti ya kauri udongo ulikua unakaa na maji wiki mbili juu pakavu chini tope. Kwenye chungu nikimwagilia Jumamosi, mpaka Jumatano nikichomeka njiti ya mshikaki hadi chini inatoka kavu. Hiyo njiti ndo kipimo changu, ikitoka na udongo umeng'ang'ania simwagi tone.

Ila chungu peke yake hakitoshi kama ndani umeweka udongo mbaya. Nilinunua mfuko umeandikwa udongo wa kaktasi, duka silitaji, kufungua nakuta udongo laini mweusi na vumbi la mbao, ukiloa unashikana kama uji, hela imepotea. Nikachanganya mwenyewe: chenga za kokoto nimeziosha vumbi lote likatoka, mchanga wa mto ule wa chembe kubwa, na udongo wa kawaida kidogo, robo tu. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi.

Baada ya kupanda sikumwagilia mpaka mizizi ilivyoshika, ilichukua kama wiki 5, ukiivuta kidogo unaona inakataa. Jua pia nililiongeza polepole, kwanza dirishani, halafu barazani asubuhi tu, maana ukiitoa ndani ukaiweka juani moja kwa moja inaungua na lile kovu haliondoki.

Kasoro za chungu zipo. Kizito, ukikiangusha basi. Na kwetu tunatumia maji ya kisima yana chumvi, kikaanza kutoa ukoko mweupe kwa nje, nikahofia ni ukungu kumbe ni chumvi, nimekisugua kwa brashi na siku hizi naiwekea maji ya mvua niliyokinga. Pia msinunue kikubwa mkidhani mmea utajitanua, kikiacha nafasi ya vidole viwili pembeni inatosha, udongo ukizidi unashika maji ambayo mizizi haiyafikii.

Nakipa nyota 4 kati ya 5, moja nimetoa kwa huo uzito. Mwezi uliopita juu kileleni imetoa miiba mipya, bado laini na ina rangi ya asali, nimempigia dada video nikamwonyesha, akaniambia nisiisogeze hapo ilipo hata hatua moja.