TAHADHARI: HP 8920A yenye stika mpya ya kalibresheni inazungushwa Kariakoo, msiinunue

Wakuu, hasa mafundi wa redio za upepo mliopo Dar na nyie wa mikoani mnaoagiza vifaa Kariakoo, someni hii kabla hamjatuma pesa kwa mtu. Kuna mashine ya kupimia redio, HP 8920A, ipo sokoni tena wiki hii. Upande wa kupimia mapokezi umeungua. Anayeiuza anajua umeungua. Mimi niliinunua kwa shilingi 3,400,000 taslimu, nikamrudishia kwa ahadi ya kurudishiwa pesa yote, nimepata 1,000,000 na simu yake haipatikani tangu hapo.

Jina la ukurasa wake siliandiki. Ameshalibadilisha mara mbili tangu tufahamiane, mtu akilishika jina mashine itampita kwa jina jingine. Naeleza mashine yenyewe na namna anavyoiuza.

Hana duka lake. Anakukutanisha kwenye duka la mtu, ghorofani, kwenye mtaa unaokatiza Msimbazi. Nilipofika mashine ilikuwa imeshawashwa, iko kwenye kaunta, nimeweka mkono juu yake ni ya moto. Pembeni stika ya kijani ya kalibresheni, yaani ya kusema usahihi wa mashine umehakikiwa, tarehe ya mwezi uliopita. Akachukua redio ya mkononi, akaiunga kwa kebo fupi, akabonyeza. Skrini ikaandika wati 4.6, masafa yamekosea hezi 120 tu, na sauti ikionekana inapanda na kushuka kwenye kioo. Akaweka antena, stesheni za FM zikajipanga kama miti. Nikaridhika. Nina miaka 14 kwenye kazi hii na niliridhika, kwa sababu mashine yangu ya zamani ilikuwa imekufa na redio 11 za kampuni moja ya ulinzi zilikuwa zinanisubiri Buguruni.

Angalieni alichonionyesha: yote ni mashine kupokea mawimbi, upande unaopima redio inaporusha. Upande wa redio kusikia hakuugusa, na mimi sikumwambia auguse.

Kwa wasiofanya kazi hii nieleze kidogo. Ukitaka kujua kama redio inasikia vizuri, mashine inatakiwa iipe redio mawimbi dhaifu sana yenye mlio wa kilohezi 1 ndani yake, wewe unazidi kuyapunguza mpaka mlio unaanza kuzama kwenye kelele. Kipimo tunachosimamia wengi ni SINAD, yaani mlio ukilinganishwa na kelele, ya desibeli 12. Redio nzima ya VHF ya kwenye gari inafika hapo kwenye kama mikrovolti 0.25, yaani dBm -119 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi, namba ikizidi kushuka chini ya sifuri mawimbi yanazidi kuwa dhaifu). Sasa mashine inapata mawimbi madogo kiasi hicho kwa kutengeneza makubwa kwanza, kisha kuyapitisha kwenye atenueta, vipande vya rezista vinavyoyakata hatua kwa hatua. Vipande hivyo ni laini. Kwenye 8920A tundu kubwa la RF IN/OUT linastahimili wati 60, lakini tundu dogo la antena mwisho wake ni miliwati 200. Fundi akikosea tundu akabonyeza redio ya gari ya wati 25, sekunde chache zinatosha kuunguza kitu ndani.

Na hapa ndipo wengi tunapoumia: skrini haijui. Skrini inaandika ulichoiamuru, haiandiki kilichotoka. Ukiiambia -119 itaandika -119 hata kama ndani rezista imekatika na kinachotoka ni kingine kabisa.

Redio ya kwanza ya walinzi ilinipa desibeli 12 kwenye -96. Nikasema hii kiziwi. Nikaifungua, nikageuza koili za mbele zinazorekebisha usikivu, ikasogea kidogo tu. Ya pili -97, nayo nikaifungua. Ya tatu -96. Ya nne -96. Nikaweka bisibisi chini. Redio nne zimetoka kwenye magari manne, moja ina miaka mingi na nyingine haijamaliza mwaka, haziwezi kupoteza usikivu kwa kiasi kile kile. Nikachukua redio yangu ya mezani ambayo naijua kama ninavyoijua sauti ya mke wangu. -96. Mikono ikanilegea.

Dogo ninayefanya naye kazi akapanda bajaji na redio ya tatu, ambayo sikuigusa, akaenda mpaka Tabata. Tukaongea kwa nguvu ndogo, namsikia mpaka honi za barabarani. Redio ilikuwa nzima siku zote. Tofauti ya -119 na -96 ni desibeli 23, ukiipeleka kwenye volti ni kama mara 14. Mashine ilikuwa inatoa mawimbi madogo mara 14 kuliko inavyoandika.

Zile redio mbili nilizogeuza koili ndizo zilizobaki mbovu kweli, na nimeziharibu mimi kwa mkono wangu. Mzee mmoja wa Temeke, fundi aliyenitangulia sana, aliniazima mashine yake siku mbili nikazirudisha sawa. Ilibidi nimpigie msimamizi wa walinzi nimweleze yote. Alinielewa, Mungu ambariki. Lakini fikirieni nisingeshtuka kwenye ya nne. Walinzi wa usiku wangekuwa na redio 11 zilizochokonolewa na cheti changu juu yake.

Nilipompigia muuzaji nilisema neno moja tu: mashine haipimi mapokezi vizuri. Sijataja tundu lolote. Akanijibu hapo hapo, "Bosi, umepiga redio kwenye tundu la antena, umeiunguza mwenyewe." Amejuaje ni hitilafu ya aina hiyo? Nilipofungua kifuniko nikaona jibu. Kwenye kisanduku cha atenueta kulikuwa na risasi ya kulehemu inayong'aa, flaksi, ile dawa ya kulehemu, bado inanata kwenye kidole, na pembeni alama ya kahawia ya moto ambayo mtu alijaribu kuifuta. Mtu aliingia mle kabla yangu, akashindwa, akafunga. Baadaye muuzaji akaniambia nimpe 600,000 anitengenezee.

Cheti cha kalibresheni alichonipa nilikisoma vizuri nikiwa nimeshatoa pesa, na hilo ni kosa langu. Namba ya mashine kwenye karatasi si namba iliyo nyuma ya mashine. Pia karatasi nzima ni sentensi moja: imepimwa, iko sawa. Cheti cha kalibresheni cha kweli, cha maabara inayofuata ISO/IEC 17025, kinakuwa na jedwali la vipimo: kiliamriwa nini, kilitoka nini, na shaka ya kipimo ni kiasi gani, pamoja na vifaa vilivyotumika kulinganisha. Stika bila jedwali ni karatasi ya gundi. Mkiwa na wasiwasi na cheti, TBS (Shirika la Viwango) pale Ubungo wana maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, nendeni mkaulize, watawaelekeza.

Kabla hamjalipa, nendeni na redio yenu mnayoijua usikivu wake na kebo yenu wenyewe. Ombeni mashine izimwe ipoe, kisha iwashwe mbele yenu, kwa sababu oskileta (sehemu inayozalisha masafa) ikiwa mbovu hujificha mashine ikiwa imeshapata moto tangu asubuhi. Halafu anzeni na mawimbi makubwa, tuseme -60, mshuke desibeli 10 kwa 10 huku mkisikiliza. Atenueta iliyoungua mara nyingi haikosei kote, inakosea pale kipande kilichokufa kinapoingia kazini: mlio unazama kwenye kelele mapema au unachelewa kuliko kawaida ya redio yenu, au unakatika ghafla kama umezimwa. Kwenye 8920A kuna pia tundu la DUPLEX OUT. Wekeni kiwango kile kile kwenye matundu yote mawili mlinganishe kwa redio moja. Yakitofautiana sana, msihangaike kujua lipi linasema kweli, ondokeni. Yote haya ni dakika 20. Muuzaji akisema ana haraka, mwacheni na haraka yake.

Limenitisha zaidi jambo hili lifuatalo. Kijana mmoja anayejifunza kwenye karakana ya ndege ndogo kule uwanja wa ndege aliniambia mtu huyo huyo alimletea kipimo cha redio za ndege, cha VOR na ILS (mitambo ya kumwongoza rubani njia na kutua), stika ya kijani ile ile. Kijana alikataa, na karakana yake isingekipokea bila cheti halali. Lakini wapo wanaonunua vitu hivi kufanyia mazoezi au kazi za pembeni. Redio ya ndege si ya kubahatisha. Ya maongezi iko 118 hadi 137 MHz na ni AM, kwa hiyo hata namna ya kuipima si ile ya redio zetu za FM. ILS inampa rubani mstari wa kutua kwa kulinganisha milio miwili, hezi 90 na hezi 150. Ikilingana, mshale unakaa katikati. Kwenye mstari wa kushoto na kulia, tofauti ya 0.155 tu katika kina cha milio hiyo inaupeleka mshale mpaka mwisho. Kipimo kikikosea kidogo hapo, fundi atausogeza mshale ukae katikati ya uongo, na rubani atakuja kuufuata kwenye mvua. Kwa hiyo kijana yeyote mwenye kipimo cha ndege alichokipata kwa njia hii, tafadhali usikipeleke karibu na ndege inayoruka. Mwambie mkuu wako wa karakana leo.

Nimeripoti polisi na nina RB, namba ya taarifa yangu. Mashine mtaitambua hivi: tundu kubwa la mbele limeshikwa na skrubu nne, mbili za nyota na mbili za bapa. Mkono wa kushoto wa kubebea umezungushiwa utepe wa bluu. Nyuma, kwenye kibati cha namba, tarakimu mbili za mwisho zimekwaruzwa, na mikwaruzo hiyo haikuwepo nilipoirudisha.

Jumamosi nimetumiwa picha yake kwenye ukurasa wenye jina jipya, bei 3,900,000, stika ya kijani bado ipo pale pale. Ukiambiwa uende kuiona, niandikie kwanza. Nitakuja na redio yangu na kebo yangu, tuipime pamoja mbele ya muuzaji.