Uzoefu wangu na kamba mbili nyembamba za kupandia barafu (na kwa nini Dodoma nimezipumzisha)

Wakuu, hizi kamba nimekaa nazo misimu miwili kwa hiyo siongei ya kusikia. Mimi mtu wa Dodoma, barafu ninayoijua toka utoto ni ya kwenye friji, ila nilisoma Norwei na washkaji wa huko wakanipeleka Rjukan kupanda maporomoko ya maji yaliyoganda. Rjukan iko bondeni kabisa, karibu nusu mwaka jua haliufikii mji, mpaka 2013 wakafunga vioo mlimani vya kuwarushia mwanga pale katikati. Ukimsimulia mtu wa Nkuhungu hii anajua unamchota tu.

Kamba yangu ya kwanza ilikuwa moja nene, milimita 9.8, haina dawa ya kuzuia maji, niliichukua kwa sababu ya bei. Siku hiyo maji yalikuwa yanachuruzika juu ya barafu, tumefika pichi ya pili, yaani kipande cha pili cha njia ya kupanda, kamba imeshalowa, ikaganda ikawa ngumu kama fito, kwenye kifaa cha breki haipiti mpaka uigongegonge barafu imwagike, na kushuka ndo ikawa balaa zaidi maana kamba moja ya mita 60 ukiikunja katikati unashuka 30 tu, unafunga kituo kingine cha kujining'iniza, unashuka tena, vidole hata huvisikii.

Nikanunua hizi mbili, milimita 8.5, mita 60 kila moja, moja kijani moja ya chungwa, zenye dawa. Kipimo cha UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, kinataka kamba yenye dawa isinywe maji zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake na kweli tofauti niliiona siku ya kwanza. Ukiziunga unashuka mita 60 kwa mkupuo. Unazipachika kwa zamu kwenye skrubu zilizokazwa ndani ya barafu, kijani kushoto, chungwa kulia, kamba haisuguani kona kwa kona, na mwenzako akiikanyaga moja kwa meno ya kramponi, yale ya chuma ya kufunga chini ya viatu, bado una nyingine. Zote mbili kama kilo sita hivi ila mnabeba wawili.

Malalamiko yapo. Muuzaji aliandika "kamba ya kupandia 8.5" basi, hakusema ni aina gani, nimekuja kuona mwenyewe ½ ndani ya kiduara kwenye ncha. Hiyo maana yake ukiongoza, yaani ukitangulia kupanda, usiipande peke yake, ya peke yake ina 1. Halafu kifaa changu cha zamani cha breki, cha kamba nene, kilikuwa kinaziachia, ukiwa na glavu zilizolowa zinateleza, ikabidi ninunue kingine. Na kwenye kituo zinajisokota kama nywele za mtoto aliyekimbia kitana.

Huku nyumbani nilizijaribu kwenye mawe yetu, nikajuta. Granaiti ya Dodoma ni msasa, kushuka mara tatu tu ganda likaanza kuota manyoya. Vumbi ndo usiseme, nimezifua kwenye beseni kwa maji matupu yakatoka mekundu kama ya kisimani masika, nikazianika kivulini barazani, mzee jirani akapita akasimama: "Mwanangu, hizi za ng'ombe umezipata wapi?"

Kwa mawe nimerudia ile nene ya 9.8. Hizi mbili nimezifungia kwenye begi chumbani, mbali na betri ya sola maana asidi inakula nailoni bila kuacha alama, zinasubiri nauli ya Norwei.