Hedifoni nusu wazi: ipi unaweza kukaa nayo kutwa nzima?

Hedifoni nusu wazi hazimfai kila mtu, na afadhali hilo lisemwe kabla pesa haijatoka mfukoni. Mgongo wa kikombe chake una matundu yanayopitisha hewa kiasi, kwa hiyo kelele za nje zinaingia na muziki wako unatoka. Ukiivaa kwenye daladala utamsikia konda kuliko mwimbaji. Ukiivaa wakati wa kurekodi sauti, mdundo unavuja na maiki inaunasa. Hata pangaboi la chumbani utalisikia. Mahali pake ni nyumbani au kwenye studio ndogo, mtu anapochanganya muziki, kuhariri video au kusikiliza tu kwa utulivu. Huko masikio hayajihisi yamezibwa, na besi haipotei sana kama kwenye zile zilizo wazi kabisa.

Wanunuzi wengi huulizia besi kwanza. Mimi naanza na mito inayozunguka masikio, kwa sababu mto usipokaa sawasawa hata besi yenyewe hutaipata. Mkono wa miwani ukiuinua mto kidogo tu, hewa inapenya na sauti nzito zinapungua. Msuko mnene na rasta hufanya vivyo hivyo. Kitambaa cha hijabu kikipita kati ya sikio na spika, ni sauti za juu ndizo zinazofifia. Kwa hiyo unapokwenda kujaribu, nenda na miwani yako na kichwa chako cha kila siku, usiwe umejiandaa kwa ajili ya dukani.

Sikio lote liingie ndani ya duara la mto bila kugusa plastiki wala kile kitambaa kinachofunika spika. Likigusa, saa ya kwanza utavumilia, ya pili utaivua. Angalia na utosi: hedifoni yenye ukanda mwembamba inaweza kuonekana nyepesi mkononi, kisha ikachimba sehemu moja ya kichwa. Dakika tano za kujaribu hazionyeshi hayo. Muuzaji akikuruhusu, kaa nayo kwa muda wa albamu nzima. Asiporuhusu, ulizia mapema kama anapokea mzigo ukirudishwa.

Halafu kuna jasho. Kwa joto la Dar au Mombasa, mito ya ngozi bandia hulowa haraka, na baada ya muda huanza kubanduka na kuacha vipande vyeusi shingoni. Mahameli hupumua vizuri zaidi, ingawa hukusanya vumbi. Ila usibadilishe mito ukidhani unabadilisha nguo tu. Mahameli mara nyingi hupunguza besi ukilinganisha na ngozi bandia, kwa sababu hayazibi hewa sawasawa.

Kwa upande wa sauti, usitumie wimbo uliotumiwa mara kumi WhatsApp. Chukua rumba ya Kongo yenye solo, mi-solo na rithim, kisha jaribu kuifuata mi-solo peke yake. Kama gitaa zote tatu zimekuwa kitu kimoja, hedifoni hiyo haikusaidii kuchanganya muziki. Taarabu ya Zanzibar hupima upande wa juu: fidla na ala ya kanuni zikianza kuchoma, na kila "s" ya mwimbaji ikatoa mluzi, utachoka mapema. Singeli nayo itakuambia kama besi inaachia kila pigo au inavuta mkia hadi pigo linalofuata.

Namba moja kwangu ni AKG K240 Studio. Ina gramu 240, na ukanda wake hujirekebisha wenyewe ukiuvuta kichwani. Sauti ya kati, yaani waimbaji na gitaa, ndiyo nguvu yake. Besi ipo ila haitishi. Ina ukinzani wa omu 55 (kwa kawaida namba hii ikiwa kubwa, chombo chenye nguvu zaidi huhitajika), kwa hiyo simu inaweza kuiendesha, lakini usitegemee kelele kubwa, maana hutoa desibeli 91 tu kwa miliwati moja. Kasoro yake ni mito: haina kina, na wenye masikio makubwa wataguswa. Kebo inachomoka kwenye kikombe cha kushoto kwa plagi ndogo ya pini tatu iitwayo mini-XLR. Ukiletewa "K240 Studio" ambayo kebo yake haichomoki, irudishe.

Kwa starehe peke yake ningeipa nafasi ya kwanza Beyerdynamic DT 880 Pro. Mito yake ya mahameli ni mipana, na hata gramu zake 295 huzisahau. Inakupa mambo madogo mengi kuliko AKG, hasa mwangwi wa chumba alimorekodia mwimbaji, japo sauti za juu zimeinuliwa kidogo na fidla zitakukumbusha hilo. Kinachoishusha hadi namba mbili ni omu 250. Simu nyingi zitaitoa sauti iliyopooza, hivyo weka kwenye bajeti ampu, yaani kikuza sauti, au kadi ya sauti yenye nguvu. Kebo yake nayo haichomoki, kwa hiyo ikikatika ni kazi ya fundi na chuma cha kulehemu. Ukichanganya namba utapata kitu kingine kabisa: DT 770 imefungwa, DT 990 iko wazi.

Mwenye bajeti ndogo achukue Superlux HD668B, omu 56, kebo inachomoka. Kwa bei yake inaonyesha makosa ya mchanganyo kuliko nyingi za bei hiyo, ila upande wa juu ni mkali na mito ya ngozi bandia inachemsha masikio. Ukiinunua, tenga na pesa ya mito mingine. HD681 ya kampuni hiyohiyo ina umbo linalofanana sana na K240 hata mtu akadanganyika kwa mbali. Mlio wake unachoma zaidi, nami ningeipita.

Fostex T50RP naiweka mwisho, na si kwa ubaya wa sauti. Spika yake ni utando bapa ulio kati ya sumaku, besi yake ni safi na ya haraka. Toleo la Mk3 lina omu 50, lakini usidanganyike ukadhani simu inatosha, inataka ampu kama DT 880. Toleo hilo pia lina mito myembamba isiyofaa kwa kikao kirefu. Wanaoipenda zaidi ni wale wanaofurahia kuifungua, kujaza pamba na kubadilisha mito hadi ikae wanavyotaka.