Tunku Azizah na Raja Zarith Sofiah: malkia yupi kafanya zaidi?

Malaysia hubadilisha mfalme kila miaka mitano miongoni mwa watawala 9 wa majimbo, na mkewe hupewa cheo cha Raja Permaisuri Agong, yaani malkia. Tunku Azizah wa Pahang alikuwa nacho 2019 hadi 2024, akampisha Raja Zarith Sofiah wa Johor.

Kwa ukaribu na watu, Azizah yuko mbele. Wakati wa Uviko mwaka 2020 aliingia jikoni mwenyewe na kuwapikia wahudumu wa hospitali. Na yeye aliyehangaika kupata mtoto, alianzisha mfuko wa kuwasaidia wanandoa wenye tatizo hilo. Hapo namvulia kofia, maana wengi wangeficha.

Kwa fikra, Zarith. Alisoma Kichina Oxford, akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia Malaysia, na kwa miaka aliandika safu gazetini.

Kipi kinadumu? Safu husomwa tena bila gharama. Tenun Pahang, hariri aliyoifufua Azizah, inadai kitanda cha mfumi, uzi baada ya uzi, na mikono mipya kila kizazi. Hata wafungwa wamefundishwa. Mafunzo yakikatika, ufundi unakufa. Lakini mfumi anakula kwa kazi yake.

Kwa hiyo, kama unaongoza kikundi cha akina mama wanaotafuta kipato, mfuate Azizah. Kama ni mwalimu au mwandishi, Zarith atakufaa zaidi.