Skana ya Epson V600 na Mambo Leo za babu: kwa nini sikubali tena chini ya nukta 600 kwa inchi

Sanduku la bati la babu lilikaa uvunguni kwa shangazi, Muheza, miaka mingi kabla halijanifikia. Ndani mlikuwa na matoleo 38 ya Mambo Leo, mengi ya miaka ya 1940 na machache ya mwanzoni mwa 1950. Hili ndilo gazeti la kila mwezi lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya Tanganyika, na kurasa zake za mashairi zilimbeba hata Shaaban Robert. Babu alikuwa mwalimu, akilisoma penseli mkononi. Karatasi sasa zina rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Ukikunja pembe, pembe inabaki vidoleni.

Nilianza vibaya. Nilipeleka matoleo matatu kwenye duka moja la steshenari, kijana akachomoa pini na kuyalisha kwenye ile mashine inayovuta karatasi yenyewe. Ukurasa wa tatu ukachanika mbele ya macho yangu. Nikachukua PDF ya nyeusi na nyeupe, nukta 200 kwa inchi, nikaenda nyumbani na uchungu wa ule ukurasa mmoja tu. Mengine niliyaona sawa, maana maandishi yalisomeka.

Shangazi ndiye aliyenizindua. Nilimwonyesha faili kwenye simu, akapekua, akaniuliza, "Mwanangu, mbona alama za baba hazipo?" Nikachukua karatasi zenyewe nikazitazama dirishani. Kumbe babu alikuwa akihesabu mizani. Juu ya kila silabi ya mashairi kuna kimstari cha penseli, chembamba kama unywele, nane upande huu na nane upande ule. Kwenye mshororo mmoja amegundua mtunzi kazidisha, akatia alama ndogo ya mkasi (×) na pembeni akaandika 9. Kwenye faili la steshenari hakuna hata kimstari kimoja. Ukichagua nyeusi na nyeupe, mashine inaamua kila nukta ni wino au ni karatasi, hakuna katikati, na penseli iliyofifia inahesabiwa karatasi.

Basi nikaamua kununua skana yangu. Nilipata Epson Perfection V600 iliyokwisha kutumika kwa laki tano na nusu, na nimeitumia miezi saba sasa. Kabla yake niliazima skana nyembamba, zile zinazokula umeme wa kompyuta kupitia waya wa USB. Zile ni nzuri kwa vyeti na barua, karatasi inayolala bapa. Lakini teknolojia yake, CIS, inaona vizuri tu kile kinachogusa kioo. Gazeti lililoshonwa pini halilali hivyo. Karibu na mgongo karatasi inainuka kidogo, na hapo herufi zinakuwa ukungu. V600 inatumia CCD, yenye lenzi na vioo ndani, kwa hiyo inavumilia karatasi iliyoinuka milimita chache. Hilo lilinitosha kuichagua. Sikulazimika tena kuchomoa pini, isipokuwa zile zilizokuwa zimeshika kutu na kuanza kuila karatasi.

Sasa suala la nukta, ambalo watu wananiuliza sana. Picha za magazeti ya zamani ni vitone vya wino, vikubwa kwenye kivuli, vidogo kwenye mwanga, vimepangwa kwa mistari. Kwa kawaida gazeti huwa na mistari kama 85 kwa inchi, jarida la karatasi nzuri 133 au zaidi. Ukiskani kwa 300, kila kitone kinapata nukta mbili au tatu tu za skana, na safu za vitone na safu za nukta zikigombana unapata mawimbi-mawimbi juu ya picha, kama kanga iliyoloa inayoonekana ndani ya maji. Nina picha moja ya wanafunzi waliosimama mstari; kwa 300 nyuso zao zilikuwa na michirizi. Kwa 600 kila kitone kinapata nukta tano hadi saba, michirizi ikaisha, na yule wa kwanza kushoto nikaona kumbe amefumba macho.

Nikajaribu 1200 pia, kwa tamaa. Skana yenyewe inafika 6400, lakini hiyo ni kwa ajili ya filamu na negativu. Kwa karatasi iliyochapwa, 1200 ilinionyesha nyuzi za karatasi na kingo za wino, hakuna neno jipya wala alama mpya. Na gharama yake ni hii: ukurasa mzima wa A4 wa rangi, faili la picha la TIFF lisilobanwa, ni kama megabaiti 26 kwa nukta 300, 104 kwa nukta 600, na zaidi ya 400 kwa 1200. Nina kurasa 612. Kwa 600 nimejaza gigabaiti sitini na kitu, zinaenea kwenye diski ya kawaida na nakala yake. Kwa 1200 ningehitaji mara nne ya hapo, kwa faida ambayo jicho langu halijaiona. Labda mwenye ramani zenye maandishi madogo sana aione.

Mpangilio ninaotumia ni wa rangi siku zote, hata kama ukurasa hauna rangi. Penseli ina kijivu chake, muhuri wa posta una zambarau yake, na doa la chai si wino. Nyeusi na nyeupe inavichanganya vyote. Marekebisho ya mwanga ya kujiendesha nayazima, kwa sababu yanapigana na umanjano wa karatasi na penseli inafifia nayo. Programu ya Epson ina kichujio cha kuondoa vile vitone, unachagua gazeti au jarida. Ni kizuri kwa nakala ya kutazama, lakini kwenye faili mama, lile la asili unalolihifadhi, usikiwashe kabisa. Kikishalainisha vitone huwezi kuvirudisha, na vimstari vya babu vinalainika pamoja navyo. Faili mama ibaki vile karatasi ilivyo, urembo ufanyie kwenye nakala.

Jambo la senti chache lililonisaidia kuliko mipangilio yote ni manila nyeusi. Karatasi hizi ni nyepesi, maandishi ya upande wa pili yanajitokeza. Weka kipande cha manila nyeusi nyuma ya ukurasa unaouskani, upande wa pili unazama. Ukurasa utaonekana umekolea giza kidogo, lakini unasomeka bila mzuka wa habari nyingine nyuma yake.

Kuna usumbufu pia. Kila ukurasa, kuanzia kugeuza, kunyoosha, kufuta vumbi kwenye kioo hadi kuhifadhi, unanichukua karibu dakika mbili, na sijapata njia ya kukimbiza bila kuumiza karatasi. Kioo ni cha A4, hivyo jarida kubwa zaidi ya hapo utaliskani vipande viwili na kuviunganisha. Na skana hii inataka umeme wa ukutani. Umeme ukikatika katikati ya ukurasa, ukurasa huo unaanza upya, hata kama laptopu ina chaji. Ile nyembamba ya USB ingeendelea. Kwa sisi ambao umeme una mambo yake, hilo lizingatieni kabla ya kununua.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuja nilipotaka maandishi yatafutike. Nilitumia Tesseract, programu ya bure ya kusoma herufi kwenye picha, ambayo ina Kiswahili. Kwenye faili za steshenari ilinichanganya sana kwenye ng'. Ile alama ndogo ya juu ilikuwa imemezwa na herufi jirani, kwa hiyo ng'ambo inatoka ngambo, na ng'ombe mara ngombe, mara neno lisilojulikana. Kwa nukta 600 alama hiyo inasimama peke yake na programu inaiona. Bado nasahihisha kwa mkono, hasa pale herufi ya madini ya risasi ya kuchapia ilipokuwa imevunjika tangu kiwandani, lakini ukurasa uliokuwa ukinichukua nusu saa sasa dakika kumi unatosha.

Mkitumiana kurasa na ndugu, tumeni kama dokumenti, si kama picha. Nilimtumia binamu yangu picha ya kawaida ya ule ukurasa wa mkasi, akaniambia haoni kitu, ilibanwa njiani. Nikaituma tena kama dokumenti, akahesabu vimstari vyote kumi na saba vya mshororo ule. Shangazi nilimchapishia kwenye karatasi kwa ukubwa uleule wa gazeti. Alitazama ile 9 akasema mkia wake baba aliupinda hivyo hivyo hata kwenye daftari la duka.

Kwa kazi hii naipa nyota nne kati ya tano, na moja naizuia kwa ajili ya kioo kidogo na waya wa umeme. Mtu mwenye vyeti na risiti tu asitoe hela zote hizi. Mwenye sanduku kama langu, achukue ya CCD, hata iwe iliyokwisha kutumika, ila aijaribu kioo kabla ya kulipa, aone kama kuna mstari unaoshuka kwenye picha.

Kurasa 47 za mwanzo niliziskani kwa 300 kabla sijajua. Nazirudia jioni moja moja, na zimebaki 19.