Laptopu ya mwanafunzi wa chuo asiyeona: kagua kitufe cha Insert kabla hujatoa hela

Vyuo vikikaribia kufunguliwa, wanafunzi wasioona huniandikia malalamiko yanayofanana: "Dada, laptopu ninayo, ina nguvu, NVDA imewekwa, lakini kazi haziendi." NVDA, kama mwenzake JAWS, ni programu inayomsomea asiyeona kwa sauti kilicho kwenye kioo. Nikiuliza kibodi ikoje, wengi hawana jibu. Aliyekwenda dukani ni kaka au mjomba anayeona, na alichokagua ni kioo.

Kioo hapa sikizungumzii. RAM iwe GB 8, diski iwe SSD, na tundu la hedifoni za waya liwepo, kwa sababu za Bluetooth huchelewesha sauti na mara nyingi humeza silabi ya kwanza ya sentensi. Hayo yameisha. Twende kwenye kibodi.

Asiyeona hafanyi kazi na kipanya. Kila kitu anakifanya kwa vitufe, na amri nyingi za NVDA na JAWS huanza na Insert. Insert na F7 hukuletea orodha ya viungo vya ukurasa. Insert na T hukutajia jina la dirisha ulilomo. Insert na mshale wa chini husoma mfululizo. Sasa nenda dukani uone laptopu nyingi nyembamba za siku hizi: Insert imebanwa ndani ya kitufe kingine, mpaka ushike kitufe cha Fn kwanza. Amri ya vidole viwili inakuwa ya vidole vitatu, na mwanafunzi anaipiga siku nzima.

Mtu ataniambia utumie Caps Lock badala yake. Inawezekana, NVDA inaruhusu. Ila walimu wengi wanafundisha kwa Insert, na kompyuta za maabara ya chuo ni za mezani, zina Insert yake kamili. Mkono ukishazoea njia moja, usiulazimishe kujifunza nyingine kwa sababu ya laptopu.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi: kitufe cha kuwasha kimewekwa katika safu ya juu ya kibodi, kimegusana na Delete. Unafuta herufi katikati ya mtihani, kidole kinateleza, kompyuta inalala. Anayeona ataona kioo kimezima. Wewe unasikia kimya tu, hujui kama ni NVDA imekwama, sauti imezimwa au umeme umekatika. Halafu kuna mishale ya juu na chini iliyokatwa nusu na kubandikwa pamoja kama kitufe kimoja. Sisi tunasoma kitabu kizima kwa mishale hiyo.

Ndiyo maana namba moja yangu ni Lenovo ThinkPad T480, na sina haya kuipendelea. Ilitoka mwaka 2018, sasa inapatikana kama mtumba. Insert ina kitufe chake, kimekaa kati ya End na Delete. Kitufe cha kuwasha kiko nje ya kibodi, upande wa kulia. F1 hadi F12 zimegawanywa nne nne kwa mianya midogo, kwa hiyo F7 unaipata bila kuhesabu kutoka mwanzo. Ile nundu nyekundu kati ya G, H na B, ambayo wanaoona huiona pambo, inakuonyesha katikati ya kibodi mara moja. Betri ziko mbili, na ya nyuma inachomoleka mashine ikiwa inafanya kazi. Ukiwa na ya akiba, umeme kukatika hosteli hakukusimamishi.

Kasoro zake nazitaja. Fn imekaa kwenye kona ya kushoto, pale ambapo mkono unatafuta Ctrl. Kuna mpangilio wa kuzibadilishana, lakini uko ndani ya BIOS, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na BIOS haisemi, kwa hiyo muombe anayeona akufanyie. Na vitufe vya F vikiwa vinabadilisha sauti na mwanga badala ya kazi yake, piga Fn na Esc. Prosesa iwe kizazi cha nane, yaani namba ianze na 8, kama i5-8250U au i5-8350U. Za nyuma ya hapo Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida Oktoba 2025.

Namba mbili ni ThinkPad T490. Kibodi inafanana, ni nyepesi kidogo, ila betri imefungiwa ndani. Namba tatu ni HP EliteBook na Dell Latitude, kwa sharti la kukagua toleo kwa toleo, maana zipo nzuri na zipo zenye kasoro zote nilizozieleza. MacBook Air ninaiweka ya nne. VoiceOver, programu ya Apple ya kusoma kioo, imo ndani ya kompyuta za Mac tangu 2005 na inafanya kazi vizuri, lakini amri ni nyingine kabisa, na ukikwama hosteli huenda usipate wa kukusaidia. Chromebook za bei chee ziacheni: NVDA na JAWS haziingii, na nyingi za mtumba hazipokei tena masasisho.

Namna ya kukagua: weka NVDA ya kubebeka kwenye flashi uende nayo dukani. Iwashe, piga Insert na 1, kisha gusa vitufe kimoja kimoja. Karibu kila kimoja kitajitaja jina bila kufanya chochote. Huna flashi? Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja vitawasha Narrator, msomaji wa kioo aliyemo ndani ya Windows yenyewe. Muuzaji akikataa, ondoka.

Na hapa nina la moyoni. Ukifika Kariakoo na fimbo nyeupe, winga, yaani dalali wa mtaani, haongei na wewe. Anamuuliza mwenzako, "Huyu anataka ya bei gani?" Hela iko mfukoni mwako, masikio unayo, bado unazungumziwa kama mzigo. Jibu wewe mwenyewe, kwa sauti, na mwenzako anyamaze. Ukiweza, ingia dukani moja kwa moja, maana winga ataongeza cha juu chake na kesho mashine ikikorofisha humpati. Dai risiti yenye namba ya mashine.

Wapo pia wanaowatoza wanafunzi hela ya "programu ya wasioona". NVDA ni bure. Aliianzisha Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, mwaka 2006, kisha akaungana naye mwenzake asiyeona, James Teh, kwa sababu leseni za programu za namna hii zilikuwa ghali mno. Ndani yake mna hata sauti ya Kiswahili ya eSpeak. Ipakueni wenyewe kwenye tovuti ya watengenezaji wake, NV Access, na hiyo hela mkanunulie betri ya akiba.