CFAP: Fidia ya Korona ilivyomfikia mfugaji wa mbuzi Marekani

Mpango wa CFAP, ambao Wizara ya Kilimo ya Marekani iliuanzisha mwaka 2020 kuwafidia wakulima hasara ya korona, niliujua nikiwa mfugaji wa mbuzi katika kaunti ya mashambani, ambako wateja wangu wengi ni Waafrika Mashariki wanaotoka mjini kutafuta kitoweo cha Idi na harusi. Nautathmini hapa kama huduma, kwa namna ulivyompokea mtu aliyeuendea na shida yake.

Awamu ya kwanza, iliyoanza kupokea maombi tarehe 26 Mei ikiwa na dola bilioni 16, ilimfaa sana mwenye ng'ombe. Jirani yangu, aliyekuwa ameuza ndama 40 wenye uzito wa zaidi ya ratili 600 kati ya tarehe 15 Januari na 15 Aprili, alikadiriwa dola 139 kwa kila mmoja, yaani dola 5,560, na asilimia 80 ya fedha hizo ilitangulia kulipwa. Fomu ya maombi ilikuwa moja, AD-3114, na idadi ya mifugo aliithibitisha mkulima mwenyewe, vielelezo akivihifadhi kwa ajili ya siku ya ukaguzi.

Mbuzi hakuwemo. Orodha ilitaja ng'ombe, nguruwe na kondoo wachanga. Kondoo waliozidi miaka miwili wakaongezwa mwezi Agosti, mbuzi akabaki nje ya zizi. Kigezo kilikuwa bei iliyoshuka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili, na sijui ni nani angeweza kuthibitisha kushuka kwa bei ya mnyama ambaye kwetu huuzwa kwa maelewano, mnunuzi akiwa ameegemea ua.

Awamu ya pili, ya tarehe 21 Septemba hadi 11 Desemba, ilirekebisha kasoro hiyo kwa busara: mbuzi, sungura, bata na hata alpaka walifidiwa kwa kufuata mauzo ya mwaka 2019, kwa asilimia 10.6 ya mauzo yasiyofikia dola 50,000. Mauzo yangu yalikuwa dola 8,000, hivyo stahiki yangu ikawa dola 848, zilizotosha kununua sehemu ya nyasi kavu za majira ya baridi. Bila daftari langu la mauzo, ambalo mke wangu alikuwa akilicheka, nisingethubutu kutia sahihi.

Kasoro ambayo haikurekebishwa ni kwamba malipo yalifuata wingi wa mali, si ukubwa wa dhiki. Kiwango kilipungua hadi asilimia 8.8 kwa mauzo yaliyozidi dola milioni moja, tofauti ambayo mfugaji mkubwa haihisi, na ukomo ulikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, au hadi 750,000 kwa kampuni yenye wanahisa watatu wanaofanya kazi shambani. Mgeni ambaye hakuwahi kusajiliwa katika ofisi ya Wizara ya Kilimo ya kaunti yake, kwa upande wake, alilazimika kwanza kujaza fomu za utambulisho, za ardhi na za kipato, na kwangu kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko maombi yenyewe. Mfugaji ambaye shamba lake bado halina namba ya usajili katika ofisi hiyo namshauri aende akaichukue sasa, wakati hakuna foleni.